Kura ya Rula

Hospitalini walimwita Rula, na si kwa sababu alikuwa mrefu. Alikuwa mfupi, mnene kiasi, mwenye mwendo wa haraka wa watu wafupi. Walimwita Rula kwa kuwa hakupinda. Yeye ndiye aliyekuwa mganga mkuu, na kuna jambo moja alilowahi kulifanya ambalo watu walilisimulia mpaka likawa kama hekaya. Siku mama yake mzazi alipokuja kupimwa macho, Rula alimkuta kwenye benchi la foleni, akamwamkia, akamuuliza habari za nyumbani, kisha akaendelea na safari zake. Mama akakaa hadi zamu yake ilipofika. Alipoulizwa kama hakuona vibaya, alicheka. "Huyu nimemzaa mwenyewe," akasema. "Ningeruka foleni angenirudisha mkiani."

Rula aliipenda hadithi hiyo kuliko alivyokuwa tayari kukiri. Ikisimuliwa mbele yake, alijifanya anatafuta kalamu.

Shida kubwa ya hospitali ile ilikuwa mafaili. Masjala ilikuwa imejaa mpaka dirishani. Rafu zimeelemewa, makabati hayafungiki, na mafaili mengine yamelundikwa sakafuni kama matofali ya mtu aliyeishiwa saruji. Mgonjwa alikuja na kadi yake, karani akaingia ndani, akatoka na vumbi nyweleni na mikono mitupu. Mfamasia alikuwa na utani wake kwamba hapa kwetu mgonjwa hupona kabla faili lake halijaonekana. Watu walicheka, ingawa si wote waliopona. Kwa hiyo bodi ilipokata shauri kununua mfumo wa kompyuta wa kutunza habari za wagonjwa, tangu mapokezi hadi dirisha la dawa, hakuna aliyepinga. Kamati ya kuchagua ikaundwa: metroni, mfamasia, mhasibu na daktari wa upasuaji, na Rula akawa mwenyekiti.

Tangazo la zabuni lilipotoka, likamfikia Kitinda.

Kitinda alikuwa mdogo wake Rula, kitindamimba wa nyumba yao. Baba yao alifariki mtoto huyo akiwa bado ananyonya, na Mama alipolazimika kutafuta kazi, Rula ndiye aliyembeba mgongoni, akamfundisha kuhesabu kwa vifuniko vya chupa, akamsimamia masomo mpaka mwisho. Alitaka awe daktari. Kitinda akachagua kompyuta. Alipohitimu alipanga chumba juu ya duka la viatu pamoja na wenzake wawili, na humo wakatengeneza mfumo wao wa kuhudumia wagonjwa. Zahanati chache zilikwisha kuanza kuutumia. Rula alijua hayo kwa juu juu, kama mtu anavyojua kwamba mdogo wake amehamia mtaa fulani bila kuwahi kufika.

Jumapili moja walikuwa nyumbani kwa Mama, wamekaa barazani wakimenya machungwa.

"Dada, nimeona tangazo lenu," Kitinda alisema.

"Limetoka kwa kila mtu."

"Ndiyo maana nakuuliza. Tukiomba, utaona vibaya?"

Rula aliendelea kumenya. "Ombeni kama wanavyoomba wengine. Ila usinipigie simu kuhusu jambo hilo, usinitume mtu, na hapa kwa Mama tusilizungumze tena."

"Sikuja kutaka unibebe."

"Vizuri."

Mama aliwatazama mmoja baada ya mwingine. "Nyinyi mnaongea kama mawakili," akasema. "Kuleni machungwa."

Kesho yake asubuhi Rula alikwenda kwa mwenyekiti wa bodi, mwalimu mstaafu aliyezungumza kwa sauti ya chini kana kwamba darasa zima limelala, akamweleza kwamba mmoja wa waombaji atakuwa ndugu yake wa tumbo moja.

"Umefanya vyema kusema," mzee akamwambia. "Ukitaka kujitoa, jitoe. Metroni ataongoza, wala hakuna atakayekusema. Lakini ukiniuliza mimi, ni nani hospitali hii asiyekujua wewe? Ukibaki, hakuna atakayetia shaka."

Mlango ulikuwa wazi, naye angeweza kutoka. Lakini maneno yale ya mwisho yalimwingia kama asali. Akabaki.

Waliofika hatua ya mwisho walikuwa wawili, Kitinda na kampuni moja kubwa, na kampuni hiyo ndiyo iliyotangulia kuonyesha mali yake. Walikuja wamevaa mashati ya rangi moja, na projekta yao, na msemaji mmoja ambaye maneno yake yaliteleza kama yamepakwa mafuta. Ukutani zikatokea grafu za rangi, zikipanda na kushuka. Msemaji akaeleza kwamba mganga mkuu ataweza kuiona hospitali nzima kwenye simu yake, hata akiwa likizo. Daktari wa upasuaji akaguna kwa kuridhika. Metroni aliuliza kama wanaweza kwenda kuona mahali mfumo huo unapofanya kazi. Msemaji akasema hospitali hiyo iko mbali, lakini wamewaletea video.

Kitinda alikuja siku ya pili na mwenzake mmoja, wamebeba kompyuta mbili kuukuu na fungu la nyaya. Hakumtazama dada yake. Alimwita "Mwenyekiti", kisha akamgeukia metroni.

"Mtandao ukikatika wodini, huchukua muda gani kurudi?"

"Inategemea umeamkaje," metroni akajibu, na watu wakacheka.

Kitinda naye alicheka kidogo. Akauchomoa waya wa mtandao, akauweka mezani mbele yao wote, na kazi ikaendelea kama hakuna kilichotokea. Alieleza kwamba kila wodi itakuwa na kimashine chake kidogo kinachohifadhi nakala ya habari za wagonjwa wote waliosajiliwa hospitalini. Mtandao ukirudi, kitapeana habari na kompyuta kuu. "Kwa macho si mzuri sana," akakiri. "Rangi tutaongeza baadaye."

Rula alisikia joto kifuani. Alilijua joto hilo. Ndilo alilolisikia siku Kitinda aliposoma sentensi yake ya kwanza bila kusaidiwa. Likamtisha. Basi akakaza uso, akauliza maswali makali kuliko yote aliyowauliza wale wa mashati ya rangi moja.

"Mko watu watatu. Mmoja akiugua, mwingine akiolewa, tutamtafuta nani?"

"Tutawakabidhi kila kitu tulichokiandika, Mwenyekiti. Siku tukitoweka, fundi yeyote mnayemwamini ataendelea nacho."

Rula aliandika kitu kwenye karatasi yake. Alikuwa akiandika ili aonekane anaandika.

Kitinda aliialika kamati kwenda kwenye zahanati mojawapo inayoutumia mfumo wao. Metroni na mfamasia wakaenda. Waliporudi, metroni alimfuata Rula ofisini kabla hata ya kuvua koti.

"Daktari, manesi wa pale hawana habari kabisa na ile kompyuta. Wanaitumia kama wanavyotumia mlango. Nenda ukaone kwa macho yako."

"Nikionekana pale, kesho nitaambiwa nimekwenda kunywa chai ya ndugu."

"Basi usinywe chai," metroni akamjibu.

Rula akasema atafikiria. Na huenda angekwenda, maana siku ile alikwisha kuuliza njia ya kufika huko. Lakini mchana, akipita nyuma ya ofisi ya uhasibu, alisikia sauti ya mhasibu kupitia dirishani. "Mimi naona tunapotezeana muda," alikuwa akiwaambia wenzake. "Harusi imeshapangwa. Sisi tumealikwa kupiga makofi tu." Kikafuata kicheko.

Rula alisimama pale dirishani kama mtu aliyemwagiwa maji ya baridi. Miaka yote ya kutopinda, na mama yake benchini, na haya ndiyo yanayosemwa. Zahanati hakwenda. Taarifa aliyoiandika metroni kuhusu ziara ile ikaletwa mezani kwake. Akaisoma ukurasa wa kwanza, akaiweka chini ya nyingine.

Siku ya kuamua, daktari wa upasuaji alisema kampuni kubwa ina jina, na mhasibu akamuunga mkono. Metroni akasema jina halifungi kidonda. Mfamasia alikuwa upande wake. Alisema yeye anataka kitu kitakachofanya kazi siku mbaya, kwa kuwa siku nzuri hata daftari linatosha. Walivutana mpaka chai ikapoa. Mwishowe ikawa wawili kwa wawili, na macho yote yakamgeukia mwenyekiti.

Rula alimtazama mhasibu. Mhasibu alikuwa amejiegemeza kitini na tabasamu dogo la mtu anayeijua sinema kabla haijaisha.

"Kampuni kubwa," Rula akasema. "Wale wengine ni wachanga mno. Hospitali si mahali pa kujifunzia."

Tabasamu la mhasibu likayeyuka. Metroni akafumba macho kidogo, akayafumbua. Na Rula, Mungu amsamehe, alisikia raha. Alitoka chumba kile ameinua kichwa, akijiona msafi kama shuka lililotoka kufuliwa. Baadaye, kila alipoikumbuka siku hiyo, kilichomuuma kuliko hata kura yenyewe ni ile raha.

Alikwenda mwenyewe kumpa Kitinda habari. Ilikuwa mara yake ya kwanza kupanda ngazi za kile chumba juu ya duka la viatu. Kitinda alimsikiliza amesimama.

"Sawa," akasema. "Nikuulize kitu kimoja. Ulikwenda zahanati?"

"Sikwenda. Ungejua watu wanavyosema..."

"Taarifa ya metroni uliisoma?"

Rula hakujua kusema uongo. "Niliianza."

Kitinda alitikisa kichwa taratibu, kama mtu anayepokea hesabu aliyokwisha kuifanya mwenyewe. "Dada, mimi sikukuomba unipe. Nilikuomba unipime. Wale wengine uliwapima. Mimi uliniogopa."

"Kitinda, mdogo wangu..."

"Nina kazi, Dada. Tutaonana kwa Mama."

Mfumo wa kampuni kubwa ukafungwa. Kulikuwa na sherehe ndogo, utepe ukakatwa, na msemaji akapiga picha na kila mtu. Mwanzoni watu walivumilia, wakidhani ni ugeni. Lakini ugeni haukuisha. Mapokezi foleni ikatoka nje ya mlango, maana mfumo ulitaka majibu ya maswali ambayo hakuna mgonjwa anayeumwa tumbo mwenye subira nayo. Habari zote zilikuwa zikihifadhiwa huko kwa kampuni. Mtandao ukikatika, skrini zilibaki na kiduara kinachozunguka, na manesi wakaandika vipimo viganjani, au nyuma ya maboksi ya glavu, ili wavinakili baadaye. Wakiomba kirekebishwe kitu kidogo, kampuni ilijibu kwa adabu kwamba ombi limepokelewa. Mkataba ulikuwa wa miaka mingi, na mtu wa kwanza kuuvunja angeumia. Metroni hakusema hata mara moja, "Niliwaambia." Rula alitamani aseme.

Mafaili ya karatasi yalihamishiwa ghalani. Kampuni ilishauri hivyo, ikisema watu wakiendelea kuyaona hawatajifunza. Rula ndiye aliyetia saini.

Kisha akaja fundi seremala.

Alikuwa mtu anayejulikana mtaani, mtengeneza milango na vitanda, mwenye mikono mipana na maneno machache. Alijikata mguu kwa msumeno, akadharau, kidonda kikaoza, na alipoletwa alikuwa na homa kali hata hajui yuko wapi. Mkewe alimfikisha, akamwona amelazwa, akakimbia nyumbani kuchukua shuka na nguo. Mtandao ulikuwa umekatika tangu asubuhi. Nesi wa zamu, msichana makini asiye na haraka, alimwinamia fundi akamuuliza kama kuna dawa inayomdhuru. Fundi akatikisa kichwa. Yawezekana alikuwa akitikisa kichwa kwa homa. Daktari wa wodi alikuwa ameagiza penisilini, nesi akamchoma sindano.

Rula alikuwa chumba cha pili aliposikia kitanda kikigongana na ukuta. Alipofika, midomo ya fundi ilikuwa imevimba na pumzi imekatika. Alipanda juu ya kitanda yeye mwenyewe, mfupi vile vile, akaanza kumkandamiza kifua, metroni akishika mpira wa hewa na nesi akileta dawa. Walipigana naye mpaka moyo ukarudi. Lakini ubongo ulikwisha kukaa bila hewa, na ubongo hausubiri.

Fundi hakufa. Alipozinduka alimjua mkewe, akalijua jina lake, ila maneno mengine yalitoka vipande vipande, na mikono ile mipana ikawa inacheza kama majani. Hakushika tena msumeno.

Mtandao uliporudi jioni ile, mtu mmoja aliandika jina lake kwenye mfumo. Habari ikafunguka mara moja, safi, na maandishi mekundu: penisilini inamdhuru. Ilikuwa imo muda wote.

Rula alimkuta yule nesi amekaa kwenye chumba cha kubadilishia nguo, hajabadilisha nguo.

"Si wewe," Rula akamwambia. "Sikiliza. Ulimuuliza, na hukuwa na mahali pa kutazama. Si wewe."

Nesi akainua macho. "Ni nani basi, Daktari?"

Rula akavuta kiti karibu naye. Akamwekea mkono begani, akakaa naye hapo mpaka dada wa nesi alipokuja kumchukua.

Kwa mke wa fundi alikwenda mwenyewe, ingawa mwanasheria wa hospitali alimshauri asiende. Yule mama alimkaribisha kiti, mwenyewe akabaki amesimama mlangoni. Rula akaanza kueleza: mtandao, kampuni, ghala, homa. Mke wa fundi alimwacha aongee mpaka maneno yakamwishia.

"Nyinyi mna maneno mengi," akasema mwishowe. "Mimi nauliza kitu kimoja. Kule hospitali, ilikuwa imeandikwa kwamba ile sindano haimfai?"

"Ilikuwa imeandikwa."

"Sasa mbona hamkusoma?"

Rula alikwenda na swali hilo nyumbani, akalala nalo, akaamka nalo. Kila alipolirudia lilimpeleka kwenye karatasi nyingine kabisa, zile za metroni, na ukurasa wa kwanza ambao haukuwa na wa pili.

Bodi ilifanya uchunguzi. Ikasema ni mfululizo wa bahati mbaya, hakuna mtu mmoja wa kulaumiwa, na mganga mkuu alifuata taratibu zote za manunuzi bila upendeleo. Neno hilo, bila upendeleo, liliandikwa na mwenyekiti mzee kwa nia njema. Rula alilisoma kama mtu anayesoma mashtaka.

Kampuni nayo, ilipoona jambo hili limeanza kuvuma, ililegeza masharti na kukubali kuachana na hospitali. Wiki hiyo hiyo Rula akapanda tena ngazi za juu ya duka la viatu. Alikuwa amejiandaa. Angesema, mdogo wangu, nilikosa; njoo uikomboe hospitali yetu. Aligonga mlango. Akafungua mshonaji nguo, na nyuma yake cherehani zikinguruma. Wale wa kompyuta, akasema, walihama zamani.

Mama ndiye aliyemweleza. "Kwani hukujua? Baada ya kukosa kazi yenu, wale wenzake wawili walikata tamaa. Mmoja kaenda ng'ambo. Kitinda siku hizi yuko benki, makao makuu. Ana ofisi yenye zulia."

"Mbona hakuniambia?"

"Ulikataza msizungumze hapa," Mama akasema, bila ubaya wowote. "Mwanangu ana utii, yule."

Walikutana kwenye mgahawa karibu na benki. Kitinda alikuwa amevaa vizuri, amenenepa kidogo. Aliagiza chai mbili, akaikoroga ya dada yake kama alivyozoea tangu utotoni, kwa kuwa Rula hakukumbuka kamwe kukoroga. Rula akasema yote. Alieleza kuhusu dirisha la uhasibu, na tabasamu, na raha. Hakujipunguzia.

"Fundi anaendeleaje?" Kitinda akauliza.

"Anatembea. Mikono bado."

Kitinda akasogeza kikombe chake kando. "Unajua," akasema, "siku ile ulipokataa kunichagua niliumia, lakini nilijiambia, basi, huenda wale ni bora kuliko sisi. Nilitaka wawe bora. Nilitaka hospitali yenu ifanikiwe ili nijue nilishindwa kihalali."

"Rudi, Kitinda. Bodi nitazungumza nayo. Safari hii..."

"Hakuna cha kurudia, Dada. Mfumo si sanamu ukauweka kabatini. Unataka mtu wa kuulisha kila siku. Ule wetu ulikufa. Zile zahanati zimeshachukua vitu vingine." Akatazama saa ya ukutani. "Na mimi nimechoka kuwa mdogo wako kwenye kazi. Benki hawajui mimi ni ndugu ya nani."

Alilipia chai, akamkumbatia dada yake mlangoni, akavuka barabara. Alimkumbatia kwa heshima.

Zabuni ya pili ilipotangazwa, Rula alisimama mbele ya bodi akaomba asiwemo. Mwenyekiti mzee alishangaa. "Lakini safari hii huna ndugu humo."

"Safari ile niliambiwa nikibaki hakuna atakayetia shaka," Rula akajibu. "Mtu akatia. Ndipo nikachagua kulinda jina langu. Nilidhani kuwapendelea ndugu ndiyo dhambi pekee katika kazi hii. Mpeni metroni."

Wengine walitazama meza. Wakampa metroni.

Metroni aliwatesa waombaji. Alikataa video. Alikwenda kila mahali, akakaa zamu nzima na manesi wa huko, akawauliza mambo ambayo hakuna muuzaji aliyeyatarajia: habari zetu tutatokaje nazo tukikosana, nani atarekebisha mkitoweka, wodi itafanya nini siku ya kiza. Mfumo waliouchagua haukuwa maajabu. Ulikuwa mzito kiasi, na skrini zake zina sura ya huzuni. Lakini waya ukichomolewa, ulifanya kazi. Yule nesi wa zamu alikuwa miongoni mwa wa kwanza kuufundisha kwa wenzake.

"Maswali yako yalikuwa makali," Rula alimwambia metroni siku moja wakipita wodini.

Metroni akapunguza mwendo. "Hayakuwa yangu yote. Nilimpigia simu mdogo wako. Alinisaidia sana, tena jioni kadhaa, baada ya kazi yake. Aliniomba nisikuambie, lakini mimi na wewe tumetoka mbali."

"Aliniulizia?"

Metroni alikuwa mtu mkweli. "Alimuulizia fundi," akasema.

Rula aliendelea kuwa mganga mkuu, na watu waliendelea kumwita Rula, ingawa ile hadithi ya Mama kwenye benchi ikianza kusimuliwa sasa aliondoka chumbani. Kila mwisho wa juma alikwenda kwa fundi seremala kumfanyisha mazoezi ya vidole. Mwanzoni mke wa fundi alimwacha agonge mpaka achoke. Baadaye akawa anafungua. Fundi alijifunza kushika kikombe, kisha kufunga vifungo. Zaidi ya hapo haikwenda.

Na Jumapili nyingine huwa wanakutana kwa Mama, yeye na Kitinda. Wanasaidiana kuosha vyombo, mmoja anaosha, mwingine anafuta. Kitinda humweleza habari za benki, naye humweleza habari za hospitali. Huulizana hali, hushukuriana, hakuna anayemkata mwenzake kauli. Mama husema anafurahi kuona wanaelewana hivyo. Rula humwitikia, akaendelea kufuta sahani, akimsikiliza mtoto aliyembeba mgongoni akimsemesha kwa adabu kama mgeni.